Kinyozi na Fimbo ya Sauti

Kwa miaka kumi na tisa Kinyozi alikula kwa mkasi wake, lakini wateja walirudi kwa sababu ya mdomo. Mtu anayenyolewa husimulia, na kinyozi mwenye adabu huitikia: "Ehee! Ikawaje?" Alipofikisha miaka arobaini na moja, magoti yakiwa yamechoka kusimama, alimwachia shemeji yake kiti na vioo, akajiunga na chuo cha ufundi wa filamu, kozi ya miezi sita ya kurekodi sauti. Aliambiwa hiyo ni kazi ya kukaa. Aliyemwambia hajawahi kuiona.

Mwanafunzi wa sauti hushika fimbo ndefu yenye maikrofoni nchani, mikono juu kama mtu aliyetekwa, hedifoni masikioni, naye haruhusiwi hata kukohoa. Mtihani wa kwanza ulimshinda papo hapo. Mwigizaji aliuliza, machozi yakimtoka, "Sasa mimi nitakwenda wapi?" Kutoka upande wa fimbo sauti nzito ya huruma ikajibu, "Kaa hapa hapa kwanza, dada."

Darasa lilicheka mpaka taa moja ikaanguka. Mwalimu hakucheka.

"Mjomba," alisema, maana chuo kizima kilimwita hivyo, "umebakiwa na mtihani mmoja. Ukianguka, hakuna wa tatu."

Habari zilimfikia shemeji, akaja na upole usio wa kawaida. "Usijali, shemeji. Ukirudi nitakupa kazi ya kufagia nywele. Mtu wa nyumbani hatupwi."

Wiki mbili mkewe alimfanyisha mazoezi. Alimsimulia umbea wa mtaa mzima huku mume ameinua ufagio juu, midomo kaifunga.

"Tangu tuoane," mkewe alisema, "leo ndiyo nimesikilizwa."

Siku ya mtihani walirekodi katika jiko la mbao lililojengwa darasani, lenye birika na dirisha lisilotazama popote. Mwigizaji, mama wa makamo, aliongea na bintiye kwa simu dakika nne bila kukatishwa. Mabega ya Kinyozi yakawaka moto, kijasho chembamba kikamtambalia mgongoni.

"Nilikukosea nini, mwanangu?" mama alilia.

Kinyozi akauma ulimi. Maoni alikuwa nayo, tena mengi.

"Kata!" Mwalimu alikuwa ameridhika, ilionekana. "Picha?" akamwuliza mpiga picha.

"Safi."

"Sauti?"

Saa ya chakula ilikuwa imepita. Mwigizaji alikuwa akifuta machozi ya kweli. Watu wote walimkodolea Kinyozi macho wakidai neno moja tu. Lakini yeye alikuwa amesikia kitu kwenye hedifoni: tik, tik, tik.

"Si safi, mwalimu. Kuna kitu kinabofywa."

"Kitu gani?"

Mdomo uliponza kichwa, alijisemea. Basi na kiponzwe kwa jambo la kweli safari hii.

"Kalamu yako."

Mpiga picha aliguna. Rekodi ikachezwa kwenye spika: kila mama alipovuta pumzi, tik. Mwalimu aliitazama kalamu kama mtu aliyefumaniwa nayo. Kisha akaitazama orodha ya waliofaulu asubuhi, sita kwa hesabu, wote waliosema "safi" kalamu ikibofywa, akaifunika kwa kiganja. Kalamu akaitumbukiza mkobani.

"Tunarudia."

Dakika nne nyingine. Mama akalia upya, vizuri kuliko mwanzo, na Kinyozi akatetemeka kuanzia viwiko hadi visigino, ila maikrofoni haikutetemeka.

"Sauti?"

"Safi."

Mwalimu aliazima penseli, akatia saini barua. "Jumatatu, saa moja asubuhi, ripoti kwa kikosi cha tamthilia. Wanahitaji mtu wa sauti asiyeogopa watu wenye njaa."

Kinyozi alifika ukumbini, miguu ikamgomea. Akajilaza kwenye benchi, barua kifuani, mikono imekufa ganzi, pumzi ikimtoka kama tairi lililochomwa msumari. Mlinzi akamwinamia.

"Mzee, unaumwa?"

"Hapana. Nimefaulu."

Mlinzi alimkagua juu hadi chini, kisha akaenda kumletea maji, kwa tahadhari tu.