Kopo la Pesa Zilizokufa

Shaba ya zamani ina harufu yake. Ukiishika kwa mkono wenye jasho, vidole hunuka kama damu iliyokauka, na kunawa mara moja hakutoshi. Nimekusanya sarafu za kale tangu mshahara wangu wa kwanza, na kila nifunguapo kabati, harufu hiyo hunirudisha mtaani Majengo, barazani kwa baba yangu, fundi saa.

Baba alizaliwa kijijini Masama. Akiwa kijana, jembe lake liliibua sarafu ya Mjerumani, hela, chini ya mti wa kahawa, na tangu siku ile hakupona ugonjwa wa sarafu. Wateja walimletea walichokikuta kwenye masanduku ya wazee wao: rupia za fedha, senti zenye tundu, peni za Mwingereza zilizolika ukingo. Alizitazama kwa kioo chake cha jicho, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku moja nilizisugua tatu kwa majivu na ndimu nikidhani namfurahisha. Alizigeuzageuza kiganjani kama mtu aliyefiwa, akasema nimezifuta uso. Nilipomuuliza zinanunua nini, alinijibu, "Hazinunui kitu, mwanangu. Pesa hizi zimekufa. Haziwezi kumdhuru mtu tena."

Pembeni yake alikaa rafiki yake Mzee Athumani, fundi viatu. Redio yao ilikuwa moja, birika lao la chai moja.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule wa foleni za sukari na sabuni. Redio ilisema kila siku juu ya walanguzi na wahujumu uchumi, na watu walimwaga mtoni bidhaa walizokuwa wameficha. Darasani mwalimu akatueleza kwamba kuficha pesa za kigeni ni kosa. Mimi, kwa furaha ya kujua jambo, nikanyoosha kidole. Nikasema baba yangu anazo kopo zima, na nyingine zina taji la mfalme. Mwalimu aliniambia nikae. Hakuuliza kitu.

Siku ya tatu, mchana, wanaume watatu walifika barazani. Walimwaga kopo juu ya meza, katikati ya saa za watu, wakazizoa sarafu wakaondoka nazo pamoja na baba. Mzee Athumani alijaribu kuwaeleza kwamba hizo ni pesa za enzi za mababu, hakuna duka linalozipokea. Walimsukuma akakaa.

Baba alikaa ndani miezi minne. Mama alimpelekea mtori wa ndizi kila siku, na siku nyingine ulirudi kama ulivyokwenda. Watu wakaulizana nani amesema. Mama alifikiri sana, akamfikia Mzee Athumani: mbona yeye aliachwa? Akaacha kumsalimu mzee huyo na mkewe. Majirani wakafuata, na viatu vikapelekwa kwa mafundi wengine. Nilipompita nikienda shule nilimwamkia shikamoo nikitazama chini, naye aliitikia marahaba ileile ya zamani. Nilijua. Kila siku niliapa nitasema kesho.

Baba aliachiwa bila kesi kusomwa na bila sarafu hata moja. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, havikuweza tena kushika parafujo ya saa. Mama alimsimulia habari za Mzee Athumani. Baba alisikiliza, akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Yaishe."

Mwezi uliofuata Mzee Athumani alihamia Kiboriloni. Sisi tukarudi Masama, baba akapalilia kahawa asiyoipenda mpaka alipokufa.

Nilikuwa mtu mzima tulipomzika. Wiki ile ile nilikwenda Kiboriloni, nikamkuta Mzee Athumani kando ya soko, anashona soli kwa macho yaliyoanza kufifia. Nikamwamkia, nikajitaja.

"Mzee, ni mimi niliyesema," nikamwambia. "Shuleni."

Aliendelea kuvuta uzi. "Najua. Waliomhoji baba yako walimwambia ni wewe. Alipotoka tu alikuja kuniambia. Alitaka azunguke kwa majirani kunisafishia jina, nikamkatalia."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mtoto wa miaka tisa angeishi vipi Majengo na jina la aliyemsaliti baba yake? Mimi nilikuwa mtu mzima. Niliweza kuhama."

Jioni hiyo nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi, nikamweleza yote. Aliweka kisu chini. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama mke wa Mzee Athumani bado yupo. Nikamwambia mzee amenieleza kwamba alifariki mwaka uleule walipohamia Kiboriloni. Mama aliinama juu ya ndizi zake, na ule usiku hatukula.

Kwa miaka mingi nilidhani nina siri, kumbe wanaume wawili walikuwa wameibeba, kila mmoja upande wake. Na nilidhani kosa langu ni maneno ya darasani. Maneno yale yalikuwa ya mtoto. Kosa ni kila asubuhi niliyompita mzee yule, nikaitikiwa marahaba, nikaendelea na safari yangu.