Sanda ya Mama na Mbwa wa Mlangoni

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi mama alifungua mlango akamkuta mbwa wake amekufa kizingitini. Saa hiyo naijua kwa sababu nilikuwa na saa ya mkononi niliyoinunua kwa ajili ya kazi, na nilikuwa na mazoea ya kuitazama kabla ya kutazama kitu kingine. Wakati ule wa Waingereza nilikuwa karani wa malori Makambako. Niliandika gari gani limeingia kutoka Njombe, limebeba magome ya miti ya miwati kiasi gani, na limeondoka saa ngapi. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimepanda mojawapo kwenda kumwona mama. Aliishi peke yake, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Njombe mjini.

Ilikuwa Julai. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na manyoya ya mbwa vilevile. Alikuwa amekaa na mama miaka saba, tangu baba alipofariki, na muda wote huo hakupewa jina. Mama alimwita "wewe", naye aliitika.

Nilichukua jembe nikachimba shimo nyuma ya kihenge cha mahindi. Niliporudi kumchukua, nilikuta mama amefungua sanduku lake la bati.

Wanawake wa umri wake katika sehemu zetu walinunua sanda yao wenyewe mapema, ili siku ya msiba watoto wasihangaike madukani. Ya mama ilikuwa bafta nyeupe, yadi sita, aliyoinunua Njombe kwa shilingi tisa za kuuza maua ya pareto. Kila mwaka aliianika juani mara moja, na majirani wote waliifahamu. Asubuhi ile alimfunga mbwa ndani yake, akakaza miguuni na kichwani kama afungwavyo mtu. Sikumzuia. Niliona ni kitambaa chake na ni mbwa wake. Nilipokuwa nafukia aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, kisha akashuka kijitoni kunawa.

Katika dakika hizo jirani mmoja alikuja kuomba moto. Akiwa njiani aliniona mimi na jembe, tuta jipya la udongo, sanduku wazi mlangoni bila ile bafta, na mama haonekani. Hakunisalimu. Aligeuka akaenda moja kwa moja kanisani, kengele ikapigwa. Nilipomuuliza baadaye inawezekanaje mtu azike mama yake peke yake, asubuhi na mapema, bila kuita mtu, alinijibu kwamba alidhani watu wa Makambako huzika kwa kufuata saa ya mkononi.

Kabla ya saa mbili na nusu uwanja ulijaa. Wanawake walikuja na unga, maharage na kuni, wakilia kama desturi ilivyo. Wakamkuta marehemu amekaa kwenye kigoda anamenya viazi.

"Kamwene," mama aliwasalimu. "Unga wekeni hapo kwenye ungo. Kuni zikae nje, ndani hakuna nafasi."

Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja alimwambia, "Dada, nimeacha uji motoni kwa ajili yako, na wewe hata kufa hujui." Lakini mwinjilisti, ambaye ndiye aliyeruhusu kengele ipigwe, hakucheka. Alikwenda nyuma ya kihenge, akatazama tuta, akauliza nani yumo. Mama alimweleza yote, pamoja na sanda na ubeti.

Jumapili iliyofuata jina lake liliondolewa katika orodha ya wanaojiandaa kwa Chakula cha Bwana. Wazee wa kanisa walisema amemfanyia mnyama maziko ya Kikristo, na kengele ya nyumba ya Mungu imelia kwa ajili ya mbwa. Jambo lake lingesikilizwa baada ya mavuno ya pareto. Aliyekufa akiwa ametengwa hakupigiwa kengele wala hakuzikwa katika uwanja wa kanisa, mahali baba alipolala. Mama alikuwa na kifua kibovu na alijua hesabu ya miaka yake. Kila nilipofika aliniuliza swali moja kabla ya kunipa maji: "Jina langu limerudi?"

Mimi sikusoma zaidi ya darasa la nne. Mengine nilijifundisha kwa vitabu nilivyoazima na kwa kuandika katika madaftari. Kwa hiyo nilifanya nilichojua. Kwa miezi minne, kati ya lori na lori, nilipitia Biblia tangu mwanzo nikiandika kila mahali mnyama anapotajwa pamoja na Mungu. Niligawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja niliandika agano baada ya gharika, ambalo wanyama nao wamo. Mbwamwitu na mwanakondoo watakaokaa pamoja. Viumbe vyote vinavyougua vikingoja kuwekwa huru. Upande wa pili, mbwa walioachwa nje ya mji mtakatifu, na wanyama waangamiao ambao mwanadamu asiye na akili hufananishwa nao. Katikati niliandika lile swali la mhubiri wa zamani, kwamba nani ajuaye roho ya mnyama inakwenda wapi. Fundi mmoja wa matofali, Mkatoliki, aliniambia kwamba Biblia yao ina kitabu ambacho kwetu hakimo, na humo mbwa anafuatana na kijana safarini, kwenda na kurudi. Nilimuuliza kama imeandikwa mbwa huyo alikwenda wapi mwishowe. Alisema haikuandikwa.

Nilimpelekea mwinjilisti daftari lile. Alilisoma lote bila haraka, maana alikuwa mtu wa haki.

"Umehesabu vizuri, karani," alisema. "Lakini hili si gunia la kupima. Sina neno la kumwahidi mama yako kuhusu mbwa. Na neno nisilopewa siwezi kulitoa."

Nilimwambia kwamba hata la kumkatalia hana. Alikubali kwamba hana. Tuliachana hapo, na nilitembea mpaka Njombe mjini nikijua kwamba miezi minne haikusaidia kitu.

Wazee walikaa siku ya Jumamosi, saa nne, kanisani. Mama alivaa kitenge chake cha ibada na kukaa benchi la mbele. Mimi nilikaa nyuma na daftari ambalo hakuna aliyeliuliza. Mwinjilisti alimuuliza kama anaamini mbwa yule yuko mbinguni.

"Mbinguni sijafika, mwalimu," mama alisema. "Nikifika nitatazama."

Mzee mmoja alikohoa. Mwinjilisti akauliza, kama haamini hivyo, kwa nini alimfunga sanda.

"Kulikuwa na baridi. Miaka saba amelala mlangoni kwangu kwenye baridi ile, mimi nikiwa ndani na moto. Nilitaka siku moja nimfunike."

"Na wimbo?"

"Nilikuwa nalia. Mimi sijui kulia bila kuimba."

Wazee walitoka nje, wakarudi baada ya dakika kumi na tano. Walisema mama hakufundisha uongo wowote, kwa hiyo jina lake litarudi, ila kwanza asimame mbele ya usharika aeleze habari ya kengele. Alisimama kesho yake. Alisema, "Kengele ilikosea. Sijafa. Nisameheni unga, niliula." Mwinjilisti alisubiri watu wamalize kucheka, ndipo akaanza sala.

Mama alikufa Juni, mwaka wa pili baada ya hapo. Mwinjilisti alituma kwanza mzee mmoja aingie ndani kuhakikisha, kisha akaipiga kengele mwenyewe. Tulipoubeba mwili kwenda uwanja wa kanisa tulipita nyuma ya kihenge, na nilimwona mwinjilisti akikwepa lile tuta ili asilikanyage.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefungua sanduku la bati. Baada ya kuitoa bafta ile mama hakuniomba nyingine, nami, pamoja na madaftari yangu yote, sikukumbuka kumnunulia. Mahali ilipokaa palikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake fedha za mayai, nyingi zikiwa senti kumi kumi. Bei ya bafta dukani ilikuwa ileile, shilingi tisa. Nilihesabu mara mbili: alikuwa amefikisha shilingi sita na senti arobaini.