Kufuli la Mlango wa Nyuma

Nyinyi mliokulia Kariakoo ya nyumba za vyumba sita, yenye mabati mekundu kwa kutu na uani wa mchanga uliofagiwa, mtanielewa nikisema kwamba hasira yangu ina mizizi mirefu. Vijana mnivumilie tu. Angalau mtajua mlichokosa.

Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka msikitini. Vyumba sita, familia tano, choo kimoja, na ukumbi wa katikati ambao sisi watoto tulifukuzwa humo kutwa mara kumi. Asubuhi ukumbi ulinukia chai ya tangawizi na mafuta ya taa. Alasiri ulinukia udi wa Bibi Chausiku, kipofu wa chumba cha mbele, aliyetutambua kwa vishindo vya miguu yetu. Nje tulicheza rede kwa mpira wa soksi, mdako kwa kokoto, na kombolela mpaka mama zetu waanze kutuita kwa majina yetu matatu. Ukiitwa matatu, ujue ni fimbo.

Aliyetufundisha madrasa ni Bi Mwanahawa, mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuvuka mitaa miwili. Ndiye aliyetusomesha juzuu, na ndiye aliyetufundisha kukimbia moto. Wiki ya mwisho ya Shaabani, kabla majiko hayajaanza kukaanga futari, alipita nyumba kwa nyumba na wanawake wawili wa msikitini. Hakuja kunywa chai. Alifunua pipa aone kama lina maji. Alitia mkono kwenye ndoo ya mchanga, isije ikawa imewekewa takataka za kufagia. Alimuuliza mama yangu vyeti vyetu viko wapi, mama akamwonyesha mfuko wa turubai uliotundikwa nyuma ya mlango. Halafu alikwenda mlango wa uani kutazama msumari. Ufunguo ulitakiwa uning'inie pale, tena chini, mtoto wa miaka saba aufikie.

Mwaka mmoja alimkuta mwenye nyumba wa jirani kautia ufunguo mfukoni. Alimsema palepale barazani, wapangaji wake wakisikia.

"Unamfungia mwizi nje, au unawafungia watoto wa wenzio ndani?"

Mzee wa watu aliangalia kandambili zake.

Baada ya ukaguzi ndipo lilipokuja zoezi. Tupo katikati ya rede, tunasikia sinia linapigwa kwa mwiko. Hapo unaacha mchezo, hata kama ulikuwa unashinda. Kila mtoto alikuwa na mtu wake wa kumtoa: mzee, mgonjwa, au mtoto mchanga. Tunakwenda wote kwenye baraza ya msikiti, Bi Mwanahawa anaita majina, nyumba moja baada ya nyingine. Mimi nilipewa Bibi Chausiku, naye alinung'unika njia nzima.

"Mwanahawa kaanza mambo yake. Leo unanitoa kwenye moto gani, wewe mtoto?"

"Moto wa uongo, bibi."

"Basi niache nimalizie kahawa."

Tulicheka sana. Mama yangu hakucheka. Alikuwa akituambia, "Dua tutaomba, lakini miguu Mungu kakupa wewe."

Moto wa kweli ulikuja mwezi wa Ramadhani, baada ya alasiri. Mama Saidi, mpangaji wetu, alikuwa anakaanga kalimati chumbani kwake, kwenye jiko la mchina la mafuta ya taa, kwa sababu uani kulikuwa na mvua. Jiko likalipuka, mafuta yakawaka, pazia likashika. Nilisikia sinia nikadhani ni zoezi, nikakasirika maana tulikuwa tunacheza rede mvuani na zamu yangu ya kucheza ndiyo kwanza ilikuwa imefika. Halafu nikaona moshi.

Niliingia. Sikujiuliza. Bibi Chausiku alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono umenyooshwa, ananisubiri. Siku hiyo hakunung'unika. Mlango wa mbele, nilioingilia, ulikuwa karibu na chumba cha Mama Saidi na sasa ulikuwa umejaa moto, kwa hiyo nilimvuta kuelekea uani. Moshi uliniziba macho, nikawa sioni, lakini yeye maisha yake yote hakuwa anaona, na ukumbi ule aliujua kwa vidole. Basi tukabadilishana kazi. Akaniongoza yeye, mkono wake ukutani, mpaka mlangoni. Nikaupapasa ufunguo msumarini, nikafungua, tukatoka kwenye mvua.

Nyuma yetu wanaume walikuwa wameshapanga mstari, ndoo zinapita mkono kwa mkono, na wanawake wanamwaga mchanga kwenye mafuta. Kwenye baraza ya msikiti Bi Mwanahawa alikuwa anaita majina. Alipolitaja la Bibi Chausiku mara ya pili, sauti yake ilikuwa inatetemeka. Sijapata kuisikia ikitetemeka tena. Tuliitika pamoja, mimi na bibi, tukikohoa. Kilichoungua ni chumba kimoja na nusu ya paa. Tulifuturu palepale barazani, nyumba yote, na Mama Saidi akiwa na mkono uliofungwa kitambaa alilazimishwa kula na kila mtu.

Nyumba ile haipo. Baba alipofariki, sisi warithi tulikubaliana na mtu mwenye mtaji, akabomoa, akajenga ghorofa nane, familia ikapewa fleti mbili. Mimi nakaa ghorofa ya tano na dada yangu Zuhura, ambaye magoti yake hayamsaidii tena. Chini ni maduka, ghorofa ya pili ni stoo, na ngazi zimepangwa maboksi ya mabeseni ya plastiki mpaka mtu anapita kwa ubavu. Kuna ngazi za nyuma pia. Chini zina mlango wa chuma, na mlango una kufuli.

Mwaka jana, Jumamosi mchana, stoo ile iliwaka. Moshi mweusi ulipanda ngazi za mbele kama uliitwa. Nilimshika Zuhura, tukashuka ngazi za nyuma hatua kwa hatua, tukawakuta watu wamejazana mbele ya kufuli. Ufunguo anao mwenyekiti wa jengo. Mwenyekiti yuko wapi? Kaenda Feri kununua samaki! Watoto wanalia, moshi unatufuata, na kijana mmoja nyuma yangu kanyanyua simu juu, anarusha laivu.

"Mambo vipi wadau, huku kwetu hali tete…"

Nilimpokonya simu nikagongea nayo mlango wa chuma. Ilivunjika. Sijaomba radhi mpaka leo.

Fundi wa mageti aliyetusikia kutoka uchochoroni ndiye aliyelikata kufuli kwa msumeno wa chuma. Tulimwagika nje. Hapo Mama Bhavna, Mhindu wa ghorofa ya tatu niliyesoma naye shule ya msingi, akanishika mkono.

"Dada, tumetimia?"

Nikamtazama. Nikawatazama watu wote wale wamesimama barabarani. Sikujua. Hakuna aliyejua. Hatukuwa na orodha, wala mtu wa kuita. Ndipo muuza maji mmoja akatuonyesha dirisha la ghorofa ya nne. Mkono mdogo ulikuwa unapunga kanga kati ya nondo.

Alikuwa Nasra, miaka sita. Wazazi wake walimfungia ndani wakashuka dukani, kwa nia njema kabisa, asipotee. Fundi wa mageti na vijana wawili walipanda wakavunja mlango, wakamtoa amelegea. Alilazwa hospitali siku tisa. Yu hai, alhamdulillah, ila akikimbia kidogo kifua kinampiga filimbi.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye kikao cha kamati ya msikiti, msikiti uleule, sasa una zulia la kuzama mguu na kiyoyozi kila nguzo. Nikaomba turudishe ukaguzi wa majumbani na zoezi la watoto. Katibu, kijana mwenye kanzu iliyonyooka, aliniamkia vizuri kabisa.

"Shikamoo mama. Hilo ni jukumu la zimamoto. Sisi tumeshafungua grupu la WhatsApp la kuombeana dua."

"Marahaba. Na siku ya moto grupu litambeba dada yangu?"

Mzee mmoja akadakia kwamba ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu.

"Moto sawa," nikamwambia. "Na kufuli nani kalifunga? Mungu?"

Imamu aliinamisha kichwa, akasema suala langu ni zito na litajadiliwa baada ya Idi. Idi imepita. Imepita na ya pili.

Mlango wa nyuma umetiwa kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza. Mwenyekiti anasema wezi wamezidi. Kwa hiyo mimi na Mama Bhavna tumenunua daftari, tunagonga milango jioni, tunaandika nani anakaa wapi, nani hawezi kutembea, nani ana mtoto mchanga. Wapo wanaotukaribisha. Mama yake Nasra alituandikia majina kwa mkono wake, akalia. Lakini juzi, ghorofa ya saba, mwanamke mmoja alituzungumzisha kupitia geti bila kulifungua.

"Mnauza nini?"

"Hatuuzi. Tunataka jina lako tu, mwanangu."

"La nini?"

"Siku ya balaa tukuite."

Alitutazama kama matapeli, akafunga mlango.

Mama yangu, ambaye shule hakuipata, aliwajua wakazi wa mtaa mzima, mpaka nani ana usingizi mzito na aamshwe kwa kofi. Mimi nimesoma, nina simu ya kupangusa, nalala ukuta kwa ukuta na watu wale mwaka wa sita huu, na wengi wao ninachokijua ni rangi ya milango yao.