Moshi Niliofungia Ndani

Nakumbuka masika moja ya ujana wangu, na leo umenilazimisha niikumbuke kwa hasira. Mwanangu, asubuhi hii nimepita kwako Mwembesongo nikakuta umeziba kwa magunia dirisha la chumba cha uani. Mkeo akanieleza kwamba unanunua hereni zilizokatika, vipini vya pua vya kale na vumbi la tupa kutoka kwa masonara, unataka kutoa dhahabu humo, na umepata chupa ya zebaki. Nikamuuliza dirisha limekosa nini. Akasema hutaki watu wakuone. Chai aliyoniandalia sikuinywa. Nimekasirika, sikufichi, ila hasira yenyewe nusu ni yako na nusu ni yangu, kwa kuwa nimekuficha jambo tangu ulipozaliwa.

Ilikuwa zama za Mdachi, siku zile reli inaingia Morogoro. Nilikuwa kijana mwenye masikio makubwa yasiyosikia, najifunza usonara kwa Fundi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa na chumba karibu na soko. Fundi hakutupa kitu. Kila jioni alifagia sakafu akaweka taka zote kwenye debe: vumbi la tupa, majivu ya jiko, nyuzi za zari zilizotiwa dhahabu kutoka majoho yaliyochakaa. Alikuwa akisema ufagio wa sonara nao una haki yake.

Debe lilipojaa tuliteremka nalo mtoni, mbali na njia ya wachota maji. Hapo alizisaga zile taka pamoja na zebaki, nayo zebaki ikaikamata dhahabu. Akakamua kwa kitambaa, likabaki donge jeupe, akaliweka kwenye chungu juu ya moto. Zebaki huondoka kwa moshi ambao jicho haliuoni, dhahabu ikabaki peke yake. Kabla ya kuwasha moto alirusha majivu kidogo hewani aone upepo wa mlimani unakwenda wapi, kisha akakaa upande unakotoka. Hata mimi alinifukuza nikae mbali. Akimaliza alioga na kubadili nguo ndipo ale. Na chungu kile alikuwa amekitoboa mdomo kwa msumari, ili mtu yeyote akikiona ajue si cha kupikia.

Mimi nikayaona hayo yote ni madoido ya watu wa pwani. Nilichokishika ni kile tulichokuwa tukiambizana sisi vijana wa kazi ile, kwamba dhahabu haipendi macho, kwamba hasidi akiitazama motoni hupungua. Nani alituambia? Hakuna. Ujinga hauna baba, lakini una ukoo mkubwa. Nikawaza kwamba fundi anapoteza dhahabu yake pale mtoni kwa kuianika peupe, mtu yeyote akipita aione, na mimi nikipata yangu nitaifungia.

Basi nikaanza kujikusanyia taka na zebaki kidogo kwa siri, nikapanda nazo milimani kwa dada yangu Zena, ndiye bibi yako. Zena alikuwa mfinyanzi. Wanawake wengi wa kule walifinyanga, lakini mdomo wa chungu chake ulikuwa sawa kama umechorwa, na watu walitoka hata Mikese kuja kumuagiza. Alinipa chungu kizuri na kona moja ya nyumba, bila kuniuliza la pili, maana mimi ni kaka yake. Kulikuwa na baridi na ukungu wa masika. Nikafunga mlango, nikaziba kila upenyo kwa majani ya migomba, nikachoma udi juu yake. Hasidi niliyekuwa namkimbia nilimjua kwa jina: Bi Mwanahawa, mjane wa nyumba ya pili, ambaye kosa lake lilikuwa kusifu vyungu vya Zena kila alipopita.

Nilichoma zebaki hivyo masika nzima. Nikishachoma nilishuka mjini siku kadhaa, nikarudi tena. Zena alikuwa humo mchana na usiku. Na chungu kile, mwanangu, sikukitoboa. Nilikionea huruma kwa uzuri wake. Nikakisuuza nikamrudishia jikoni, akakipikia.

Kwanza fizi zake zilivimba. Mimi nami meno yalinilegea, nikasema ni baridi. Kisha Zena, aliyekuwa mpole kuliko sisi sote, akawa mtu wa kufoka kwa jambo dogo. Mate yakamjaa kinywani. Siku moja nilirudi nikamkuta amekaa mbele ya udongo wake, mdomo wa chungu umepinda, amebomoa ameanza upya, umepinda tena. Aliinua mikono akanionyesha. Ilikuwa inatetemeka, na hakuweza kuizuia.

Wanakijiji hawakuchelewa kumpata mchawi. Nani alikuwa akivitazama vyungu vile na kuvisifu? Bi Mwanahawa. Jumbe akamwita barazani, wakasema asipokiri atapelekwa kwa akida, na kwa akida wa Mdachi kulikuwa na kiboko, hamsa wa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano, hata kwa mwenye mvi. Nami nilikuwa nimekaa pale pale, nikaitikia kwa kichwa. Nikikumbuka kichwa changu kikiitikia, hadi leo natamani kumpiga kofi yule kijana.

Nikashuka mjini kumwomba Fundi Bakari anielekeze kwa mganga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifunua mdomo akayatazama meno yangu. Hakuuliza habari za mganga. Alivaa viatu, tukapanda mlima pamoja. Akaingia kwa Zena, akatazama majani ya migomba kwenye kuta, akakitazama chungu jikoni, mdomo wake mzima, haujatobolewa. Akakichukua, akaenda nacho hadi barazani ambako bado walikuwa wamemweka yule mjane juani. Akaniuliza mbele ya watu wote.

"Ule moshi wa zebaki ulikuwa unatokea wapi?"

"Ulikuwa hautoki, fundi. Nilifunga."

"Kwa nini?"

Nikanyoosha kidole kumwelekea Bi Mwanahawa, nikasema nilikuwa nakimbia macho.

Fundi akamgeukia jumbe. "Basi mwachieni mama huyu aende. Mchawi tumempata, na yule aliyerogwa ni dada yake."

Walimwachia. Hakuna aliyemwomba radhi, si jumbe, si mimi. Mjane yule alifunga virago vyake akahamia Mikese kwa ndugu zake, na sikumwona tena. Fundi akakivunja kile chungu, vipande akavifukia mbali na maji, akanifukuza kazi. Kabla hajashuka alinivuta pembeni akaniambia neno moja tu: "Ulikuwa unalinda dhahabu usiyoipata, na nyumba uliyonayo ukaiacha wazi."

Sasa nisikilize, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nina guu la kukuonyesha. Yang'oe hayo magunia leo. Zebaki usiiguse kabisa. Izibe vizuri, irudishe kwa aliyekuuzia, usiimwage chooni wala mtoni wanakochota wenzio. Kama unaipenda kazi hii, anza na vipande vinavyoonekana kwa macho. Chambua kwa mkono, toa chuma kwa sumaku, yeyusha kidogo kidogo chini ya banda lililo wazi, mbali na nyumba, upepo ukiwa mgongoni mwako. Tizabu, ile asidi kali ya masonara, usiiguse mpaka ukae na fundi aliyezeeka na vidole vyake vyote. Atakufundisha kwamba tizabu ndiyo humiminwa kwenye maji, polepole, na maji hayamiminwi kwenye tizabu, la sivyo itakurukia usoni. Chombo cha kazi kitie alama, kisiingie jikoni hata siku moja. Nguo za kazi zisilale chumbani kwa mkeo. Na mtu akija kukutazama, mwache atazame. Jicho la jirani halijawahi kupunguza dhahabu ya mtu.

Ukisema vijana wenzako wanafunga na hawajadhurika, nitakujibu kwamba hata mimi nilisema hivyo masika nzima.

Unamkumbuka bibi yako alivyokuwa akikaa kibarazani. Ukiwa mdogo ni wewe uliyekuwa ukimshikia kikombe cha uji, kwa sababu akikishika mwenyewe ulimwagika wote kifuani. Uliuliza bibi ana nini, wakubwa wakakujibu ni uzee. Yeye mwenyewe alinisamehe na kunikataza nisiwasimulie watoto, na leo nimevunja agizo lake. Uzee gani, mwanangu, unaompata mtu kabla hajamzaa mama yako?

Nenda. Mola aibariki riziki yako, aijalie mikono yako na ya mkeo itulie hadi uzee wa kweli uifikie, na wajukuu watakaokushikia kikombe wakushikie kwa mapenzi tu. Nami nitapita kesho asubuhi. Nikikuta dirisha liko wazi, nitaingia ninywe ile chai.