Duara la Mama Hatua

Fundi cherehani wa chumba cha pili ndiye aliyeleta maneno, sindano bado iko mdomoni: Mama Hatua kahongwa, na nyumba ya Mama Pacha imetupwa nje ya duara. Mama Pacha alihisi damu ikimchemka. Nyumba zilizo ndani ya duara hilo la ramani, mita mia mbili kutoka kwenye tangi jipya, ndizo zingevutiwa maji, na tangi lenyewe alikuwa analiona pale pale mlangoni, akianika nepi alizozifua zote kwa ndoo moja.

Akambeba pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani, akaenda kwa Mama Hatua kutema nyongo.

Mama Hatua aliitwa hivyo kwa sababu mwaka wa kumi na moja huu alikuwa akizunguka kuandika namba za nyumba, na simu ikishindwa kusoma mahali katikati ya mabati, yeye huhesabu hatua. Mama Pacha alimkuta amekaa sakafuni, miguu imejaa tope, ramani mbele yake, macho mekundu.

Kumbe mwenyeji alikuwa amefura kuliko mgeni. Alieleza, huku akigonga ramani kwa kidole, kwamba siku ya kuweka alama ya tangi mvua ilikuwa imenyesha, na bosi wake wa mradi wa maji hakutaka kuchafua viatu. Akabonyeza simu akiwa ndani ya gari, kule kituo cha mafuta, akasema si mbali, ni palepale tu. Duara zima likahamia huko. Nyumba kumi na nne zikatoka, maghala matupu ya tajiri mmoja yakaingia. Mama Hatua alipomwambia bosi kosa hilo, alijibiwa kwamba ramani imeshapigwa muhuri na yeye ni kibarua tu.

"Sasa ghala linaoga?" Mama Pacha aliuliza. "Lina nepi?"

Wachimba mitaro wangeanza kesho asubuhi, na bosi angekuwepo. Mama Hatua akavuta kutoka uvunguni kamba ndefu yenye fundo kila baada ya mita kumi.

"Nikipima peke yangu watasema nina kinyongo," alisema. "Kesho njoo na hao wanao, mwanangu. Ncha moja nitaifunga kwenye mguu wa tangi, mbele ya macho ya bosi. Hii nyingine uivute wewe mpaka mlangoni kwako, wote wahesabu mafundo kama yatafika ishirini. Akikufokea, usiiachie."