Bafu Jeupe la Gachoka

Njue wa Gachoka alitumwa Embu kununua tangi la maji, akarudi na bafu. Watu wa sokoni walicheka mpaka wakashika mbavu, na kusema kweli walikuwa na haki yao.

Tangi hilo lilikuwa limezungumzwa nyumbani kwake mwaka mzima. Mkewe, Rwamba, aliteremka mtoni kila alfajiri akapanda na debe la maji mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso kama wabebavyo wanawake wa Mbeere. Kamba ile ilikuwa imemchimbia mfereji mdogo juu ya nyusi, usiofutika hata Jumapili akiwa amejipamba kwenda kanisani. Sasa nyumba yao ilikuwa na mabati mapya, kilichobaki ni tangi la kukinga mvua ya mwezi wa nne. Mbuzi wakauzwa. Rwamba mwenyewe alizifunga zile pesa kwenye kitambaa akamtilia mumewe mfukoni.

Huko Embu, akielekea dukani, Njue alipita karibu na nyumba moja kuukuu ya serikali ambayo vitu vyake vilikuwa vikipigwa mnada. Na pale nyasini, kwenye miguu yake minne ya chuma, lilisimama bafu refu jeupe, la mtu kujilaza. Njue alilitambua mara moja. Kabla ya uhuru, akiwa kijana, alikuwa boi katika nyumba ile ile. Kila jioni alichemsha maji uani, akayabeba ndani ndoo baada ya ndoo mpaka mvuke ukatanda dirishani. Kisha alifunga mlango polepole na kukaa kwenye ngazi, akimsikiliza bwana akipiga mluzi majini. Yeye hakuwahi kuchovya hata kidole cha mguu. Lakini miaka yote iliyofuata, akilima, akichunga, hata mahubiri yakiendelea, kuna mahali kichwani mwake maji ya moto yalikuwa yametulia yakimngoja.

Mnadi aliuliza nani anaongeza. Njue akasikia sauti ikitaja bei, akageuka amtafute huyo mjinga, akakuta watu wote wanamtazama yeye.

Lori lililokuwa likienda kuchota mchanga lilimbeba na bafu lake. Aliketi ndani yake huko nyuma, mikono imeshika kingo, mawingu yakipita juu polepole, na kwa safari nzima hakuwa mkulima wa mtaa wowote. Alielea tu. Alipiga hata mluzi.

Lori lilipoingia uani, Rwamba alilizunguka bafu, akatia mkono ndani, akapapasa mpaka akafikia tundu la chini.

"Baba Igoki," alisema, "kitu hiki kina tundu. Tangi liko wapi?"

Njue alitazama viatu vyake. Rwamba alichungulia ndani ya lori, akaona koleo za vibarua basi. Alichukua debe lake akashuka mtoni, ingawa haikuwa saa ya kwenda mtoni.

Kwa siku kadhaa Njue aliliweka bafu chini ya ukingo wa paa, akaliziba tundu kwa gunzi la mahindi. Mchana alijilaza ndani likiwa tupu, kofia usoni, akayasikia yale maji ya zamani yakimfunika kifua. Kuku walimzunguka. Alijiambia mvua ikija, mambo yatanyooka.

Mvua ikaja. Maji yalimiminika kutoka kwenye mabati, na bafu likajaa kabla Njue hajamaliza kufungua vifungo vya shati. Mengine yote, maji ya kutosha miezi na miezi, yalipita uani mekundu yakashika barabara kuelekea bondeni. Rwamba alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Yaangalie yakienda," alisema.

Ingekuwa afadhali angegomba. Njue alivifunga tena vifungo vyake. Maji yale machache walipikia na kunywa, na kiangazi kiliporudi Rwamba alirudi kwenye njia yake ya mtoni.

Kisha binti yao Igoki, aliyeolewa Embu, akajifungua, na Rwamba akaenda kumkanda. Njue alibaki peke yake na bafu. Akaona hapo ndipo pa kuimaliza ile kiu yake, aoge siku moja kama bwana halafu aliuze. Aliitungua kamba ya mkewe msumarini, akaivaa kipajini, akashuka mtoni na debe.

Wanaume wa njiani walimuuliza kama ameolewa. Alicheka nao safari ya kwanza. Safari zilizofuata hakuwa na pumzi ya kucheka. Shingo iliwaka moto, na aligundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: kamba ile hairuhusu mtu kuinua kichwa. Ukipanda na debe unaona mawe na nyayo zako tu. Mlima Kenya ulikuwa mbele yake asubuhi nzima, na hakuuona. Alimkumbuka Rwamba, anayelijua kila jiwe la njia ile kwa jina.

Siku ya pili jioni bafu lilijaa. Jua lilikuwa limeyapasha maji joto, yametulia kabisa, vilevile kama yalivyokaa kichwani mwake miaka yote. Njue alivua kiatu, akachovya kidole cha mguu. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akautoa mguu, akavaa kiatu, akalifunika bafu kwa magunia.

Rwamba aliporudi alifunua gunia akayatazama maji. Halafu akamtazama mumewe, akanyoosha kidole na kugusa alama nyekundu iliyokuwa juu ya nyusi zake. Njue alisimama aguswe.

"Kesho siendi mtoni," Rwamba alisema.

"Wala kesho kutwa, Mama Igoki."

Asubuhi jua lilichomoza Rwamba akiwa bado amelala. Alipoamka alitoa kigoda nje, akakaa na kikombe cha chai, akainua uso.

"Kumbe saa hizi mlima huwa wazi namna hii," alisema.

Njue alichukua debe, akaivaa kamba, akashika njia ya mtoni.