Healani na Nyangumi Aliyeitwa Mkaidi

Healani Kapaona alizaliwa hapa Kaneohe, kisiwani kwetu. Alicheza ngoma ya hula na mama yake kabla hajajua kusoma, na ujana wake wote umeishia kwenye mabwawa ya nyavu ghubani, akilisha na kufundisha nyangumi. Sote tunaofanya naye kazi humwita Anti, hata wanaomzidi umri.

Noe, nyangumi jike mweusi, alizeekea mikononi mwake. Ila kila mvua iliponyesha na maji ya ghuba kuwa matope, Noe hakuitikia filimbi ya kumwita. Msimamizi wetu Medeiros akakata shauri: apandishwe ndege, apelekwe bwawa la saruji huko bara.

"Mkaidi huyu, Anti. Filimbi anaijua tangu utotoni."

"Mkeo akikuita uoshe vyombo, unasikia?"

"Hayo mengine."

"Basi nawe tukupandishe ndege."

Tulicheka. Healani hakucheka. Alimwomba Daktari Tokunaga, mpimaji wa masikio ya nyangumi, aje upesi.

Kipimo hicho hakiwezekani mnyama asipotulia. Healani akaingia majini hadi kifuani, akamshika Noe kidevu, Tokunaga akambandika kichwani na mgongoni vikombe vya mpira vyenye nyaya. Ubongo ukisikia sauti, mstari kwenye skrini huinuka. Tokunaga akapiga sauti majini; za chini kidogo zilileta vilima. Kadiri zilivyopanda, vilima vikafifia. Kwenye mlio wa filimbi yetu, mstari ukalala kama meza.

"Filimbi haisikii kabisa," akasema Tokunaga.

"Mbona maji yakiwa safi anakuja?" Medeiros akabisha.

Healani akainua mkono wake wa kulia, taratibu. Tukaelewa. Hapa kwetu hakuna apulizaye filimbi bila kunyoosha mkono. Miaka yote Noe alifuata mikono yetu, na maji machafu yalipoificha, tukamwita mkaidi. Kiziwi kuhukumiwa kwa kutosikia! Hasira hiyo haijanitoka.

"Ndege ni Ijumaa," Medeiros akasema, sauti imepungua. "Akiitika kwenye matope kabla ya hapo, atabaki."

Healani akaleta kokoto za hula za mama yake, zile za kugonganisha viganjani, zenye mlio wa chini kuliko filimbi. Akazigonga ndani ya maji, akampa Noe samaki. Akagonga tena, samaki tena. Siku nzima, na kesho yake, hadi vidole vikakunjamana.

Alhamisi mvua ikamwagika, ghuba ikawa kahawia. Healani akachuchumaa nyuma ya turubai, asionekane. Medeiros akapuliza filimbi. Noe hakuja.

Kokoto zikalia majini: ka-ka, ka.

Maji yakapasuka. Noe akaibuka kwa kishindo mbele ya turubai, wimbi likamlowesha Medeiros kuanzia kofia hadi viatu. Tulipiga kelele mpaka sauti zikatukauka. Tokunaga alinikumbatia na mwavuli wake mkononi.

Medeiros akatoa simu, akaikung'uta maji. "Futeni ile ndege. Ndiyo, anabaki."

"Na vyombo?" Healani akauliza kutoka nyuma ya turubai.

"Leo naosha, Anti. Nimesikia."